Majani Niliyoyamwaga Mlangoni

Kemilembe mwanangu,

Umekwenda Bugene kumuaga shangazi yako, na jua bado liko juu. Nimetoa meza nikaiweka barazani, nikachana karatasi za katikati ya daftari lako la zamani. Ukirudi utanikuta jikoni kama kawaida, na barua hii itakuwa chini ya nguo zako kwenye begi. Ukiiona mapema, tafadhali iache mpaka meli iwe imeondoka Bukoba. Nakufahamu. Ukiisoma hapa nyumbani utakuja kuniuliza maswali, na mimi, nikibanwa ghafla, huwa nasema uongo. Hilo ndilo nataka kukuandikia.

Mambo ya sanduku, ya chakula cha njiani, ya kujihadhari na wanaume wenye maneno matamu, shangazi yako anakueleza sasa hivi, na anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu. Nimejaribu mara mbili kukuambia kwa mdomo. Mara ya kwanza tulikuwa tunamenya ndizi, nikaanza, wewe ukadhani nakusimulia habari za jirani ukacheka. Mara ya pili niliutazama uso wako nikanyamaza.

Unajua mama yako ni mtu wa kushuku. Umekua ukiniona nahesabu mikungu ya ndizi kila asubuhi, nanusa maharage ya kununua, namuuliza mgeni swali lile lile mara tatu nione kama jibu litabadilika. Lakini hujawahi kuniuliza nilianza lini. Nilianza baada ya baba yako. Alikwenda kwenye vita na Uganda wewe ukiwa bado unanyonya, na hakurudi, wala kaburi hatuna. Matanga hayajaisha, baba yako mdogo akaja na kamba ya kupimia kibanja, shamba letu hili la migomba. Akasema anapima tu ili mipaka isije ikasahaulika. Nilimkaribisha, nikampikia, nikamshukuru. Siku chache baadaye mwanamke mmoja akaniuliza nje ya kanisa kama ni kweli nusu ya kibanja imepata mnunuzi. Nilikipigania kibanja hiki mwaka mzima, kwa wazee na kwa katibu kata, wewe ukiwa mgongoni. Nilikipata. Lakini tangu hapo kila aliyekuja kwangu na uso wa kucheka, mimi nilimtazama mikono.

Mpakani, upande ule migomba inapokoma na majani ya rweya, ile mbuga ya wazi, yanapoanza, alikuwa anakaa Speransia. Wewe ulimwita Mama Mkubwa. Labda unakumbuka sauti yake, maana alikuwa akiimba Kinyarwanda akichuma majani. Wazazi wake walivuka Mto Kagera wakikimbia, yeye akiwa msichana, wakafia huku. Alilima vibarua kwenye mashamba ya watu, na kipande alichokalia alipewa na baba yako kwa mdomo, bila karatasi. Hilo nalo lilikuwa likinikera. Nilikuwa nimemfukuza shemeji mwenye kamba. Huyu mwenye maneno ya marehemu tu ningemjuaje?

Kuzunguka nyumba yake alikuwa amepanda miforosadi. Nasema miforosadi, lakini haikuwa ya aina moja. Mmoja ulikuwa na majani mapana yanayong'aa, mwingine majani yake yamekatika kama kiganja, mwingine una majani madogo yenye kukwaruza, na mmoja ulizaa matunda meupe ambayo wewe uliyala mpaka tumbo likauma. Miche mingine aliipata kwa masista aliowafanyia kazi, mingine aliiokota njiani, huku na huku. Masista hao ndio waliomfundisha kufuga viwavi wa hariri. Wao walichoka wakaacha. Yeye hakuacha. Viwavi wake walikuwa wadogo, na vifuko walivyosokota vilikuwa vya manjano, vidogo kama punje ya karanga yenye ganda. Kila msimu alibakiza vifuko vizuri, akawaacha nondo watoke, wapandane, watage kwenye kitambaa. Hakumwomba mtu mayai.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa pale kwetu. Kahawa ilikuwa imetuchosha: unachuma, unaanika, unapeleka chama cha ushirika, halafu unasubiri malipo mpaka unasahau. Basi alipokuja bwana mmoja wa mradi, kwa pikipiki, akasema hariri inaweza kuzalishwa na kina mama bila kumwomba mwanamume ardhi kubwa, nilimsikiliza. Nilimtazama mikono pia. Ilikuwa safi, yenye kalamu. Mungu anisamehe, mtu mwenye kalamu sikumshuku.

Alituletea vijiti vya mforosadi mmoja tu, mpya, wenye majani makubwa kama sahani. Alituletea mayai kwenye karatasi, ya viwavi wakubwa wenye vifuko vyeupe. Akatupa masharti. Miforosadi ya zamani ing'olewe, kwa sababu inaficha magonjwa. Viwavi wa zamani wasikae karibu na wapya. Na mayai yatoke kwake kila msimu, maana watoto wa viwavi hawa hawafanani na wazazi wao. Tuliitikia yote.

Speransia aliitwa kwenye kikundi kama wengine. Alikaa mwisho wa benchi, akavigeuza vile vijiti mkononi, kimoja baada ya kingine.

"Hivi vyote vimetoka wapi?" akauliza.

"Vimetoka kwa wataalamu," nikamjibu.

"Naona. Lakini vimekatwa kwenye mti mmoja. Mama Keme, viwavi wako watakula jani moja tu. Siku jani hilo likigoma utawapa nini?"

"Kwa nini ligome?"

"Sijui. Hata mimi sijui langu litagoma lini. Ndiyo maana ninayo mengine."

Wanawake wakanitazama mimi. Nilisikia masikio yanawaka. Nilisema, "Dada, kama hutaki maendeleo, usituzuie sisi." Akaviweka vijiti chini taratibu, akaaga kwa heshima, akaenda. Hakung'oa miti yake. Na mimi nikaanza kujiuliza, kama nilivyojiuliza juu ya kila mtu: anataka nini huyu? Mbona hataki tulichokipata? Nikawaambia wenzangu asiingie kwenye banda la viwavi tulilokuwa tukijenga.

Misimu miwili mambo yalikuwa mazuri. Unakumbuka bati la nyumba hii lilivyokuwa jipya? Ni la vifuko vyeupe vile. Tulijenga banda la miti na udongo pale karibu na mpaka, tukapanga nyungo juu ya vichanja, tukafanya zamu ya kukatakata majani. Nilitembea kifua mbele. Nilipokutana na Speransia kisimani nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, basi, hakuna zaidi. Nikawa nasema moyoni, wivu unamla.

Msimu wa tatu mvua zilizidi. Kwanza niliona unga mweupe chini ya majani ya mforosadi wetu. Nikaufuta kwa kidole, kesho yake umerudi. Halafu mti mmoja pembeni ukalegea kama umenyweshwa maji ya moto, ukanyauka na majani yake bado yakiwa juu. Kisha wa pili, na wiki ile ile mstari mzima. Hakuna mti uliokuwa na nguvu kuliko jirani yake. Ulipokufa mmoja, wote walikuwa njiani.

Na viwavi walikuwa wameamka usingizi wa nne. Wewe unajua maana yake, ndiyo kazi unayokwenda kuisomea. Wanalala mara nne katika kukua, na wakiamka mara ya nne wanakula usiku na mchana bila kuinua kichwa. Tulikuwa na nyungo zimejaa viwavi wenye njaa, na majani tuliyowapa yalikuwa yale yale yenye ukungu. Wengine wakaanza kulegea, wakawa weusi, wakatoa maji yanayonuka. Nilikuwa nakwenda bandani alfajiri naogopa kufungua mlango.

Asubuhi moja nilikuta kikapu mlangoni. Kilijaa majani mabichi yasiyolowa, yamepangwa vizuri, bila tone la umande. Yalikuwa ya aina zote: mapana, yaliyokatika kama kiganja, yale ya kukwaruza. Nilijua ni ya nani. Kila mtu angejua.

Kemilembe, nataka nikueleze vizuri kilichopita kichwani mwangu, maana nimekaa nacho miaka mingi na ninakijua. Jambo la kwanza nililoliona ni msaada. Nakuapia, kwa muda wa kuvuta pumzi moja niliona kwamba mtu amechuma majani usiku wa jana kabla umande haujaanguka, akayaficha ndani yasilowe, akaniletea, na kwa sababu nilimkataza kuingia ameyaacha mlangoni. Niliona hivyo. Halafu nikakataa nilichokiona. Nikasema, kwa nini alete bila kuniambia? Kwa nini alfajiri? Viwavi wanakufa, na yeye anakuja mlangoni. Amewahi kuja mara ngapi nisipoona? Kila swali lilizaa lingine, na sikwenda hata hatua hamsini mpaka kwake kumuuliza.

Nilikimwaga kikapu chote chini, pale mlangoni, nikayakanyaga. Ndani viwavi wengine walikuwa wameinua vichwa wakitafuta, kama wanavyofanya wakiwa na njaa. Nilifunga mlango.

Kabla ya mchana nilikuwa kwa balozi wa nyumba kumi. Mchana watu walikuwa wamejaa uwanjani kwake, wanawake wa kikundi mbele, wote wamenuna, maana hasara ilikuwa yetu sote. Speransia aliitwa akaja na kanga yake ya shambani, mikono bado ina utomvu. Balozi akanitaka niseme.

Nilisema viwavi wetu wamewekewa kitu. Nilisema tangu mwanzo yeye aliupinga mradi. Yote hayo yangeweza kuishia hapo, kwa maneno ya kushuku tu, na balozi alikuwa mtu mpole, angetuonya akatuambia turudi nyumbani. Akauliza, "Lakini Mama Keme, kuna aliyemwona?"

Nikasema, "Mimi nilimwona. Alikuwa anatoka ndani ya banda."

Sikumwona. Nilikuwa nimelala. Niliona kikapu tu.

Speransia hakupiga kelele. Alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza njia, "Mama Keme, uliniona?"

"Nilikuona."

Balozi aliinamisha kichwa. Wanawake wakainuka bila kuambiwa na mtu, tukaenda kwake. Na mimi nilikwenda, sikubaki nyuma. Kuku walimwagiwa nyungo za viwavi wake wadogo. Kitambaa cha mayai kilitupwa motoni. Miforosadi ilikatwa mmoja mmoja, na visiki vikang'olewa kwa jembe, na tulijiambia kwamba bwana wa mradi aliagiza hivyo tangu zamani. Ule wenye matunda meupe niliukata mimi kwa panga la baba yako. Ulilia siku ile, ukaniuliza kwa nini. Nilikuambia mti ulikuwa na nyoka.

Wiki haikuisha Speransia akaondoka kwenda Mabira kwa binamu yake, na godoro kichwani. Hakuja kuaga.

Bwana wa mradi alifika baadaye. Nilimpokea na habari zote, jinsi tulivyomkamata mwenye kuharibu. Hata hakunisikiliza mpaka mwisho. Aliomba jembe, akachimba mti mmoja uliokauka, akaupasua mzizi kwa kisu. Ndani ulikuwa umeoza, una nyuzi nyeupe, unanuka kama uyoga.

"Ni ugonjwa wa mizizi," akasema. "Na ule unga ni ukungu wa majani. Kaisho yote iko hivi. Nimetoka huko jana."

"Kaisho?" nikauliza. "Kote?"

"Kote tulikogawa. Miche ni ya mama mmoja, ikishindwa na kitu inashindwa yote." Akafuta kisu kwenye majani. "Mngekuwa na miforosadi mingine hata michache, mngewavusha viwavi. Hamkuwa nayo?"

Tulikuwa tumesimama wanawake wanne pale. Speransia hakuwahi kukanyaga Kaisho. Kila mmoja wetu alilijua hilo, na kila mmoja alitazama chini, lakini wao walikuwa wameamini macho yangu. Mimi peke yangu nilijua kwamba hayakuona kitu.

Bwana yule alisema ataleta miche mingine. Hakurudi. Kikundi kikafa. Na mimi nilikaa kimya, mwanangu, miaka minne au mitano. Nilikwenda kanisani, nilikulea, nililima. Watu walipotaja habari ile nilisema, "Yaliyopita yamepita," wakaniona mtu mwenye moyo mkubwa.

Ningependa kukuambia kwamba dhamiri ndiyo iliyonipeleka Mabira. Si kweli. Mfanyabiashara wa kahawa alinipitia, katika mazungumzo akasema Mabira kuna mama anafuga viwavi wa hariri, wenye vifuko vya manjano. Jambo la kwanza nililofikiri ni: kumbe aliiba mayai akaondoka nayo. Mayai yake mwenyewe! Tulimchomea kitambaa, na mimi nashuku kwamba ameiba kilichobaki. Nilipojisikia nikifikiri hivyo, niliogopa. Nilijiona kama mtu aliyeamka akakuta mguu wake umekufa ganzi, anaupiga hausikii. Nikafunga safari, nikalala njiani kwa mtu mmoja wa kanisa, siku ya pili nikafika.

Nyumba yake ilikuwa ndogo, imefagiliwa, na kuizunguka miforosadi michanga, ya kila namna. Alikuwa anatandaza majani kivulini. Nilisimama mbali.

"Shikamoo dada."

Aliweka majani chini. "Marahaba. Karibu ukae."

Aliingia ndani akatoka na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote. Akachukua punje akatia kinywani, akanisogezea. Nilichukua mbili nikatia kinywani. Na hapo, Kemilembe, mimi niliyekwenda kumwomba radhi, nikaziweka punje zile shavuni. Sikutafuna. Nilikuwa nawaza, huyu ana sababu zote za kunidhuru.

Aliona. Alikuwa mtu wa kuona kila kitu.

"Tafuna au tema, Mama Keme," akasema. "Usikae nazo shavuni, utashindwa kuzungumza."

Nikatafuna. Machozi yakanitoka hapo hapo, si kwa uchungu wa kahawa. Nikasema, "Dada, sikukuona."

"Najua hukuniona. Ni mimi ambaye sikuwemo." Akageuza majani yake upande wa pili. "Miaka yote nilikuwa najiuliza kama wewe unajua. Nilidhani labda uliota, ukaamini. Ningekusamehe ndoto."

"Sikuota."

"Basi."

Nilimwomba anisamehe, nikapiga magoti, akaniambia ninyanyuke nisichafue nguo ya safari. Halafu akasema, bila hasira, "Hapa tuko wawili. Ile siku hatukuwa wawili. Nenda ukaseme kwa balozi, mbele ya wale wale. Ukimaliza ndipo uje tuzungumze hayo ya kusamehe."

Niliahidi. Nikarudi nyumbani na sikusema. Msimu wa maharage ukapita, kahawa ikachumwa. Kila Jumapili nilisema wiki ijayo. Nilishuku kila uso: huyu ataninyang'anya uenyekiti wa jumuiya, huyu atamwambia shemeji aje tena na kamba. Wewe ulikuwa unakaribia kumaliza shule ya msingi, nikafikiri watoto watakuzomea. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote yalikuwa visingizio.

Mwisho nilikwenda siku ya mkutano wa kugawa zamu za kutengeneza barabara, watu wamejaa, wewe uko shule. Nilisimama kabla sijaitwa. Nilisema: "Siku ile nilisema nilimwona Speransia akitoka bandani. Sikumwona. Nilisema uongo, na ninyi mkakata miti kwa uongo wangu." Nikakaa.

Usidhani watu walinipigia makofi. Mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki yangu mkubwa alisimama akaniambia, "Umetufanya sisi kuwa wauaji wa kazi ya mtu, halafu sasa unakuja kujisafisha peke yako," akaondoka, na mpaka leo salamu yake kwangu ni ya kukwepa. Umewahi kuniuliza kwa nini Mama Jeni haji hapa. Ndiyo hiyo. Balozi alisema tu kwamba yeye alipaswa kuuliza mara ya pili. Akaahidi kupeleka habari Mabira, akapeleka.

Speransia hakurudi kukaa hapa. Usiamini wanaokuambia kwamba ukikiri mambo yanarudi mahali pake. Lakini baada ya masika yule mfanyabiashara wa kahawa aliniletea furushi la vijiti, vimefungwa kwa kamba za mgomba, ncha zimepakwa udongo mbichi visikauke. Hakukuwa na barua. Nilivihesabu, vilikuwa vya aina tano, vimechanganywa.

Na mimi nikavishuku, hivyo hivyo nilivyo. Sikuvipanda karibu na migomba. Nilivipeleka bondeni, mbali na kila kitu, nikavitazama mwaka mzima kama mtu anayelinda mfungwa. Aina moja ilikufa. Nyingine ilipata ukungu ule ule mweupe, na iliyo jirani yake haikupata hata doa. Kwa macho yangu niliona jambo alilokuwa akiniambia kwenye lile benchi: kila mti una udhaifu wake, lakini si udhaifu mmoja. Baadaye alinitumia na mayai kwenye kitambaa. Viwavi hao ndio uliowakatia majani miaka yote hii ukidhani ni mradi wa mama yako.

Sasa nifike kwenye safari yako. Wale wataalamu waliokuja mwaka jana kutazama miforosadi yetu waliniuliza imetoka wapi. Neno "yangu" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikawaambia ni ya Speransia wa Mabira. Wakamfuata, wakampa nafasi ya kwenda Morogoro kusomea ufugaji kituoni kwao. Alikataa, akasema magoti hayamruhusu, wampeleke binti wa Mama Keme. Hukulijua hilo. Uliambiwa umechaguliwa kwa sababu ya matokeo yako ya shule. Matokeo yalisaidia, lakini jina lako lilitoka kinywani mwake.

Niliposikia sikulala vizuri wiki nzima. Nilijiuliza, anataka nini? Mtu niliyemfukuza, kwa nini ampe mwanangu kitu kama hicho? Anataka uwe na deni kwake? Anataka ukajue huko yaliyotokea? Zamani ningekaa nalo moyoni mpaka lioze. Safari hii nilifunga mzigo mdogo nikaenda Mabira kumuuliza. Ni mwezi uliopita tu, wewe ulidhani nimekwenda msibani.

Nilimkuta bandani. Nikamuuliza moja kwa moja, "Dada, kwa nini umemtaja Kemilembe? Unataka nini?"

Alicheka, Kemilembe. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu siku tulipomwaga nyungo zake. Akachukua kifuko kimoja cha msimu huu akakiweka kiganjani mwangu, na kingine cha zamani alichokihifadhi akakiweka kando yake. Cha msimu huu kilikuwa kidogo zaidi, na laini, kikaingia ndani nilipokibonyeza.

"Nataka mayai," akasema. "Hawa wangu wameoana ndugu kwa ndugu tangu siku ile. Niliondoka kwangu na vifuko vinne tu ndani ya mfuko wa nguo, na wote hawa wametoka kwa hao. Kila msimu wanapungua. Pale Kemilembe anapokwenda kuna viwavi wa manjano wa ukoo mwingine, nimesikia. Mzee kama mimi hatapewa. Mwanafunzi atapewa akiomba vizuri."

Nilimtazama mikono. Ilikuwa na utomvu, kama siku ile. Nikamwambia nitakuambia.

Basi nimekuambia. Huko watakuonyesha viwavi wakubwa weupe na mforosadi wenye majani kama sahani, na watakuwa na kalamu. Jifunze yote, mimi sikukatazi. Lakini wakishamaliza, waulize viwavi wadogo wako wapi, na miti mingine iko wapi. Wakikuambia ilishatupwa, uliza ni nani aliyeitupa, na kama bado yuko hai nenda umfuate. Ukirudi likizo, panda gari la Mabira kabla ya kuja kwangu. Mpelekee Mama Mkubwa hayo mayai mkononi mwake, umwamkie, na akikupa kahawa, tafuna.

Mama yako